Walisafisha Kaburi la Patrice

Maman Ghislaine hakuwa mtu wa kumpokea mkwe kwa hotuba. Alimwekea Joost bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa sambaza, akamwambia, "Kula kwanza. Safari ya Nyantende ni mchana."

Joost, Mholanzi aliyemwoa binti yake Eulalie, alikuwa amefika Nguba, mtaa wa Bukavu, jana yake kwa mara ya kwanza. Kiswahili alikipata jikoni kwa mkewe, na kilivuja kama chujio. Lakini ukimgusia kijiji chake cha kando ya mto, ulimi ulifunguka.

Ghislaine naye alitaka kusikia, maana mumewe Patrice alizikwa huko. Alikwenda kusomea kilimo, akafa ghafla mwaka 2004, Bukavu ikiwa vitani na hakuna ndege ya kumrudisha. Wanakijiji wakamzika. Mama yake Joost akawa anamwagilia maua ya kaburi, na ni hapo Eulalie, alipokwenda kulizuru, alikutana na Joost. Sasa ukoo umechanga pesa. Mchana huo Muzee Mushagalusa, kaka ya Patrice, alikuwa akiwangoja kijijini Nyantende wapange siku ya kurudisha mifupa. Nafasi iko tayari mgombani, ubavuni mwa baba yao.

"Mto yetu inakula," Joost alisema. "Zamani ilipasua tuta, ikabeba nyumba, ng'ombe, nusu ya makaburi. Watu wakabeba udongo, wakafanya kilima, wakaweka kanisa juu."

"Kilima ya kubeba na mikono?" Ghislaine akacheka. "Ungekuja huku tukupe. Yetu inatuporomokea bure."

"Basi nafasi ya kuzika iko kidogo. Wafu wanapeana zamu. Mutu analala miaka makumi mbili, anaachia mwingine. Ni vile tangu babu zetu. Kama Papa Patrice."

Tonge la Ghislaine likasimama njiani.

"Kama Patrice namna gani?"

Eulalie, aliyeketi kando ya mumewe, aliinamia sahani. "Maman, nilikutumia mesaji. Nilisema wanauliza kama wasafishe kaburi ya papa."

"Ndiyo. Nikajibu kwa sauti, wasafishe, Mungu awabariki."

Alikumbuka vizuri. Ilikuwa Siku ya Wafu, ametoka kung'oa magugu kwenye kaburi la mama yake, jembe bado mkononi, na alifurahi kuona Wazungu nao wana adabu.

"Kwao kusafisha kaburi ni kuitosha, kuiondoa kabisa," Eulalie alisema. "Nilizani unajua. Nilishangaa vile ulikubali mbio. Nikasema, maman ni mutu wa kukata maneno."

"Kuitosha. Na mwenye kulala ndani?"

"Wanamutosha pia."

Ghislaine alinawa mikono, ingawa hakuwa ameshiba. Maji yalikuwa ya moto, hakuyasikia.

"Walishafanya?"

"Mu mwezi wa tatu."

"Wakamuweka wapi?"

"Chini ya ukuta wa kanisa," Joost alijibu. "Shimo moja ya watu wote. Baba ya babu yangu iko pale. Watoto mto iliua wako pale. Mama yangu alisimama mpaka mwisho, na nguo ya misa."

"Jina yake imeandikwa?"

"Hapana. Ya mutu yeyote haiandikwe."

Alisema kwa heshima, kama anayetaja kiti cha mbele. Ghislaine alimtafutia hasira akaikosa. Akamgeukia binti, akaikosa tena. Ruhusa ilitoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sauti yake, na baraka juu. Mifupa ya Mushi, mtu wa kabila lao, imechanganywa na ya watu asiowajua, na aliyekubali ni mke. Nyantende hawatauliza neno la Kiholanzi lina maana gani.

"Tuwapigie, tuseme safari iko kesho?" Eulalie aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kesho mifupa itajitenga?" Ghislaine alijifunga kitenge cha pili. "Tunaenda. Joost, utamwambia Muzee wewe. Kijiji ni chako."

Barabarani, wakingoja teksi, Joost alimuuliza mkewe kumtoa mtu ardhini kunaitwaje. Kufukua, Eulalie alimfundisha. Akajizoeza, uso umemwiva kwa woga.

"Muzee, pole sana. Papa Patrice, tuli... tulimufukuza."

Eulalie alifungua mdomo amsahihishe.

"Mwache," Ghislaine alisema. "Amesema vizuri."