Chumba cha Pumzi

Alikuwa anaongeza maharage punje kwa punje, mizani ikikaribia kutulia, ndipo kivuli kikaingia mlangoni na tarakimu zikacheza. Mama Mizani hakuinua macho. Katika jiko lile la taasisi ya utafiti hata upepo wa nguo ya mtu ulitosha kuharibu kipimo.

"Simama hapo hapo," alisema. "Usisogee."

Aliyekuja akasimama. Tarakimu zilipotulia, Mama Mizani akafunika sahani, akageuka, akamwona mwanamke mwembamba aliyevaa ndala za kiume, vumbi limempanda hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuingia huku?"

"Mlinzi. Nimemlilia mpaka amenichoka." Alijifuta uso kwa pindo la khanga. "Namtafuta kaka yangu. Mnampima humu ndani. Anabeba magunia sokoni, wanamwita Tingatinga."

Hakukuwa na mtu katika taasisi ile asiyemjua Tingatinga. Jina lenyewe lilikuwa la utani, maana alikuwa kijitu kifupi, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Lakini gunia likimkalia mgongoni alitembea kama hana habari nalo. Watafiti walitaka kujua mwili wa mtu wa kazi za sulubu unachoma chakula kiasi gani na unapoteza maji kiasi gani, na kati ya washiriki wote huyo ndiye waliyempenda. Halalamiki, habakishi. Maji aliyopewa alikunywa hadi tone la mwisho, na mkojo wake aliuleta kwenye chupa akiwa ameushika kwa mikono miwili, akisema, "Haya, mzigo wenu huo."

Tangu jana alikuwa ndani ya chumba cha pumzi. Ndivyo wafanyakazi walivyokiita: chumba kidogo kisichopenyeza hewa, chenye kitanda, kiti, na baiskeli iliyofungwa sakafuni. Pumzi yote aliyoitoa ilivutwa na mabomba hadi kwenye mashine, na mashine ikawaambia mwili wake unaunguza nini, akilala, akila, akipiga miayo. Chakula kilipita kwenye kidirisha cha milango miwili. Huwezi kufungua wa ndani kabla wa nje haujafungwa. Mlango mkubwa ukifunguliwa tu, kipimo chote kimekufa.

"Ana nini kaka yako?" aliuliza Mama Mizani, ingawa alishaanza kuhisi.

"Si yeye. Ni mama. Tangu alfajiri anamwita. Hamtaji mwingine, hata mimi ninayemgeuza kitandani." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Nimemwambia, mama, mimi je? Ananiangalia tu, anasema, kamwite mwenzio. Nimekuja kumwita."

Mama Mizani alivua kofia ya jikoni, akaivaa tena. "Kaa hapo," alisema.

Daktari alikuwa ukumbini mbele ya mashine, shati limemshika mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Mama Mizani aliwahi kumwona akila mkate mkavu kwa wiki nzima mashine ilipoharibika, akilala juu ya meza ili awe karibu na fundi. Kipimo hiki kilikuwa kimekufa mara mbili: mara ya kwanza umeme, mara ya pili mshiriki aliyeshikwa na woga akagonga mlango kama anazama. Na wageni waliotoa mashine walikuwa wanakaribia kuondoka, na kabla ya hapo wangeamua kama itabaki au itahamishiwa kwingine.

Daktari akamsikiliza hadi mwisho bila kutoa macho kwenye mstari uliokuwa ukitambaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Amefariki?"

"Hapana, Daktari. Anamwita."

"Wazee huita watoto wao. Wangu ananiita kila Jumapili." Alijisugua macho. "Anatoka kesho asubuhi. Asubuhi moja tu. Mwambie dada yake hivyo."

"Lakini alisaini kwamba anaweza kutoka wakati wowote. Ulimsomea wewe mwenyewe, mimi nikiwepo."

"Akiomba," alisema Daktari. "Ameomba?"

"Ataombaje na hajui?"

Daktari akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. Sauti yake haikupanda. "Mama, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini kazi yako ni sahani. Tusifikishane pabaya."

Mama Mizani alikumbuka mwenzake aliyekuwa akishirikiana naye jiko, mwanamke wa mikono mepesi, aliyemhurumia mshiriki mmoja akampenyezea ndizi. Ndizi moja. Aliondoka siku ile ile na aproni yake mkononi, na sasa anauza maji ya kunywa kituoni. Mikataba ilikuwa inaisha mwezi ule. Nyumbani alikuwa na mume asiyeona tena tundu la sindano, fundi cherehani aliyegeuka kuwa mlinzi wa cherehani.

Alirudi jikoni. Dada mtu alikuwa bado amesimama pale pale alipoambiwa asisogee, karibu na gunia la chumvi.

"Atakuja kesho asubuhi," alisema Mama Mizani. "Akitoka tu."

"Mmemwambia?"

"Tutamwambia."

"Naweza kumwona? Hata kwa kioo?"

"Atashtuka, mwanangu. Moyo ukienda mbio mashine inasoma vingine."

Yule mwanamke akatazama sahani zilizofunikwa, zimepangwa kama wagonjwa. Akasema, "Haya, mama, asante," kwa adabu ile ya mtu aliyezoea kunyimwa, akaondoka. Ndala zilisikika zikimpiga visigino hadi getini.

Chakula cha mchana Mama Mizani alikipeleka mwenyewe. Wali, maharage, kipande cha nyama kilichokatwa mafuta hadi kikafanana na mbao. Alifungua kidirisha, akaweka sinia, akafunga. Upande wa pili wa kioo Tingatinga aliinuka kitandani kama mtu anayepokea mgeni kwake. Pembeni palikuwa na kipaza sauti na kitufe. Ukikibonyeza, aliye ndani anakusikia, na ukikiachia anakujibu.

"Mama Mizani! Leo nyama umeninyima."

"Imepimwa."

"Najua imepimwa. Siku nikifa mtanipima na kaburi." Alicheka mwenyewe, akaanza kula. Alikula haraka, kichwa chini, kama walavyo watu wanaoogopa kuitwa kabla hawajamaliza. Kisha akakomba sahani kwa mgongo wa kijiko, maana hakuna cha kubaki. "Humu ndani mtu anachoka kwa kutochoka. Nimelala mpaka mbavu zinauma. Hebu niambie, kuna mtu kaniulizia?"

Daktari alikuwa ametoka kwenda kula. Kidole gumba cha Mama Mizani kilikuwa juu ya kitufe. Hakukuwa na mtu mwingine ukumbini, mashine peke yake ikivuma.

"Hapana," alisema.

"Hata wale mabwege wa sokoni?"

"Hapana, mwanangu."

"Haya bwana. Ndiyo dunia." Akarudisha sinia kwenye kidirisha, akampungia mkono.

Jikoni aliipima sahani. Ilirudi nyeupe, kavu, hakuna hata punje. Aliandika sufuri, akaufunga ule mduara. Alijipa maneno. Kwamba wagonjwa wanaita wanaita, kesho wanaomba uji. Kwamba angemwambia, angetoka mbio, angefika akamkuta mama amelala zake, na kipimo kimekufa bure. Kwamba yeye ni wa sahani. Maneno yalikuwa mengi na hakuna hata moja lililokaa.

Jua lilipoanza kulegea aliacha sufuria kwenye maji akarudi ukumbini, miguu ikimtangulia. Safari hii alikusudia. Tingatinga alikuwa juu ya baiskeli. Ratiba ilimtaka aendeshe saa ile. Alikuwa ameinama, jasho linamtiririka puani, mdomo unatembea: anaimba, ila kioo kilimeza sauti. Mama Mizani akaweka kidole kwenye kitufe.

"Anakwenda vizuri, eh?" Daktari alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai, uso umefunguka kama wa mtoto. "Tazama mstari huo. Sijawahi kupata mstari safi namna hii."

Kidole kikarudi mfukoni mwa aproni.

Asubuhi mlango ulifunguliwa kwa mshindo wa hewa. Daktari alimpa mkono Tingatinga, akampongeza, na baada ya kumpongeza ndipo akamwambia kwamba dada yake alipita, mama hajisikii vizuri, ni vema awahi. Alilisema kama jambo lililomfikia muda ule ule. Tingatinga hakungoja nauli wala chai. Mama Mizani alimsikia akipita ukumbini kwa miguu mitupu, viatu amevishika.

Habari zililetwa na mlinzi. Tingatinga alikuta watu wanarudi kutoka makaburini.

Kipimo kikatoka safi. Wageni wakaiacha mashine. Mkataba wa Mama Mizani ukaongezwa, na Daktari akamletea yeye mwenyewe, akiwa amesimama pale karibu na gunia la chumvi. "Hii kazi ni yako pia," alisema, na alimaanisha. Jioni ile mume wake alimwuliza kwa nini chakula hakina chumvi. Alimjibu ameisahau. Mume akala bila kuuliza zaidi, na hilo lilimuuma kuliko kama angegombana.

Tingatinga alikuja siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Mlinzi alimfungulia bila neno. Alisimama mlangoni mwa jiko, nywele amenyoa, shati limefungwa vifungo hadi kooni.

"Shikamoo, Mama Mizani."

Kwamba bado alimwamkia kulimkata maini. "Marahaba, baba. Pole. Pole sana."

"Nimeshapoa." Alitazama jiko, sufuria, vibao. "Dada alisimama wapi?"

Mama Mizani alinyoosha mkono. Tingatinga akaenda akasimama pale, akajaribu kuangalia vile dada yake angekuwa ameangalia: sahani, mizani, mlango wa ukumbini. Kutoka pale mpaka kwenye kioo palikuwa ni kiasi cha kuita kwa sauti.

"Ilikuwa kabla sijala."

"Kabla."

"Ukaniletea chakula."

"Nikakuletea."

"Nikakuuliza."

Mama Mizani aliifunika upya sahani iliyokuwa imeshafunikwa.

"Dada anasema alikata roho alasiri," alisema Tingatinga. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Jua limelegea, hivi. Nimejaribu kukumbuka. Saa ile nilikuwa nafanya nini?"

Angeweza kusema, ulikuwa umelala. Alifungua mdomo alitamke, likakataa.

"Ulikuwa juu ya baiskeli."

Tingatinga aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Nakumbuka. Nilikuwa naimba." Alitazama mikono yake. "Niliendesha sana siku ile. Sijui nilikuwa naenda wapi."

Mama Mizani akavuta kiti. "Kaa, mwanangu. Kaa nikupe hata chai." Alishika birika, kikombe, akamwaga chai mezani, akatafuta kitambaa. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu.

Alitoka na aproni yake mpaka getini. Mlinzi alimwuliza anamtafuta nani, akampita. Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa linashusha unga wa mahindi mbele ya ghala, na wabebaji walikuwa wamejipanga, kila mmoja akiinama kwa zamu, anapokea gunia, anaondoka. Tingatinga alishaingia kwenye mstari. Mama Mizani alijikinga jua kwa kiganja na kuwatazama wakipita mmoja baada ya mwingine, vichwa vimezama chini ya mizigo, migongo myeupe kwa unga, na hakuweza kujua yupi ni yupi. Akasimama pale akingoja mmoja wao anyanyue uso.