Milango Ifunguliwe, Akeyo Anapita

Chama cha Wafanyabiashara wa Sachangwan kilikuwa na kanuni ishirini na tatu, na ishirini na mbili kati ya hizo zilivunjwa kila wiki bila mtu kupoteza usingizi. Iliyobaki ilikuwa ya misiba. Mwanachama akifariki, mwili wake ukipitishwa barabarani, maduka ya pande zote mbili hufungwa, na wenyewe husimama mbele ya milango yao, kofia mkononi, mpaka gari lipotelee konani. Desturi hiyo ilianza mwaka wa ule moto wa lori la mafuta, mji ulipochoka kuzika, na tangu hapo haikukosewa hata mara moja. Hata madereva wa malori ya safari ndefu walishaijua, wakawa wanapunguza mwendo bila kuambiwa.

Kuluthum, Mama Hafiz kwa majirani zake, alikuwa katibu wa chama, mwaka wa tisa sasa. Alichaguliwa kwa sababu babu yake alitoka Mombasa zamani za reli, na watu wa Sachangwan waliamini kwamba mtu wa ukoo huo huzaliwa na Kiswahili cha matangazo mdomoni. Ukweli ni kwamba alizaliwa Nakuru, akasoma Nakuru, na Mombasa amefika mara mbili tu, zote kwa harusi. Lakini sifa ni sifa, naye hakuikataa. Alikuwa na duka la vitambaa na sare za shule, na nyuma ya kaunta yake ndiko zilikotungwa habari zote za mji: nani amejifungua, ng'ombe wa nani amepotea, maji yatakatwa lini, mkutano ni saa ngapi. Alizituma kwenye kundi la WhatsApp la chama, kisha akabandika nakala mlangoni kwa wale ambao simu zao bado ni za kubonyeza.

Barazani kwake aliketi Obura, fundi viatu, ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumwomba kitu zaidi ya maji ya kulainishia ngozi. Mkewe Obura, Akeyo, aliuza chai. Ukisema hivyo tu, hata hivyo, umempunja. Wauza chai wako wengi barabara hii, na wote hubisha hodi na kuita. Akeyo hakubisha wala kuita. Alfajiri alisimama katikati ya safu ya maduka na kigari chake chenye chupa mbili kubwa, akasikiliza. Mlango wa bucha ya Wamalwa ulikwaruza sakafu. Wa Gelle, wa duka la jumla, ulilia bawaba kwa kukosa grisi, na Gelle ana grisi katoni nzima dukani. Wa Kihara, mwenye hardware ya misumari na mabati, ulikuwa na kufuli tatu kwa kuwa Kihara hamwamini mtu. Akeyo aliijua yote kwa sauti, na kila sauti ilikuwa na chai yake: Wamalwa tangawizi, Gelle sukari ya kukwaruza koo, Kihara maziwa matupu. Ulipomaliza kufungua ukageuka, kikombe kilikuwa kwenye ngazi yako kinafuka moshi, na mwenyewe ameshafika mlango wa tatu.

Presha ilimlaza Akeyo hospitalini Nakuru wiki tatu. Akafariki Jumapili.

Jumanne Obura alikuja dukani. Hakuketi mahali pake. Alisimama mbele ya kaunta kama mteja mgeni, kofia kifuani, na Kuluthum akadhani anajua alichokijia. Alishajiandaa hata kugombana. Akeyo hakuwa mwanachama, maana kanuni ya kwanza inasema mwanachama ni mwenye mlango wa biashara, na chupa ya chai haina mlango. Mwenyekiti Kihara angeitaja kanuni hiyo kabla ya kusema pole, na Kuluthum alikuwa tayari kumjibu kwa maneno ambayo babu yake wa Mombasa asingeyapenda.

Obura alimweleza kwamba gari lingetoka mochari Ijumaa alfajiri, lipite hapa kama saa kumi na mbili na nusu, lishike njia ya Kericho hadi nyumbani Ugenya. Kuluthum akaanza kumwambia asiwe na wasiwasi, maduka yatafungwa. Obura akatikisa kichwa.

"Mama Hafiz, mimi sitaki mfunge," alisema. "Nataka mfungue."

Kisha akamsimulia, macho yakiwa sakafuni. Kule wodini, saa ya kuona wagonjwa ilikuwa kumi na mbili asubuhi, na kila alipoingia Akeyo alimuuliza jambo moja kabla ya salamu: wameshafungua? Alisema hospitali ile asubuhi yake ni bubu, mtu hajui kama kumekucha. Basi Obura akawa anamhesabia. Wamalwa amefungua, Gelle amefungua, Mama Hafiz amefungua, Kihara bado anahangaika na kufuli. Hapo Akeyo hucheka kidogo, akakubali kunywa uji. Obura hakuwa ameiona hata milango yenyewe, alilala kwa binamu yake pale Nakuru, lakini aliihesabu yote bila kuruka mmoja. Jumapili ile alikosa gari, akachelewa. Alipofika, hakukuwa na wa kumuuliza.

Kuluthum alilia wazi, bila kujificha nyuma ya vitambaa. Alimpenda Akeyo, na hakuwahi kumwambia, kwa sababu nani humwambia muuza chai kwamba anampenda? Alimuahidi Obura kwamba Ijumaa milango itakuwa wazi yote, kuanzia kwake hadi hardware ya mwisho.

Kwenye kikao cha viongozi, Kihara hakupendezwa. Alisema wapita njia wataona mji usio na adabu, unaouza misumari jeneza likipita. Alisema pia kwamba kanuni zikianza kupinduliwa kwa ajili ya mtu asiye mwanachama, kesho zitapinduliwa kwa ajili ya nani? Kuluthum alimwacha aseme, maana kumkatiza Kihara ni kumwongezea mafuta. Alipomaliza, alimuuliza ni nani aliyempa chai miaka yote hiyo aliyokuwa akifungua akiwa wa mwisho mjini. Kihara akakohoa. Wangare, mweka hazina, aliyekuwa Mau Narok akitafuta mbegu za viazi, alipigiwa simu akasema lolote la Kuluthum ni lake. Kikao kikaisha hivyo.

Sasa, makosa mengine hutokana na uzembe, na mengine hutokana na kuifanya kazi vizuri kwa muda mrefu mno. La Kuluthum lilikuwa la aina ya pili. Alhamisi jioni duka lilijaa kina mama wa sweta za shule, mmoja anataka saizi kubwa zaidi, mwingine anataka rangi ambayo shule haijui. Katikati ya vurugu hiyo Kuluthum alikumbuka tangazo. Akafungua simu, akanakili lile la msiba uliopita kama alivyofanya miaka tisa, akabadilisha jina, akabadilisha siku, akabadilisha saa, akatuma. Akamtuma na msichana wa dukani akalinakili kwenye karatasi na kuibandika. Majibu yakamiminika: viganja vya maombi, poleni, Mungu ailaze roho yake. Hakuna aliyeshangaa. Tangazo lilikuwa zuri, na Kiswahili chake kilinyooka kama kawaida.

Ijumaa aliswali, akatoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika chache. Ukungu ulikuwa umeushika mji wote, malori yanapanda kwa taa. Alipofika barabarani aliwaona watu wamesimama, pande zote mbili, kila mmoja mbele ya mlango wake. Wamalwa amevaa koti la kanisani juu ya aproni. Gelle ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hata wauza viazi wasio na milango walisimama nyuma ya magunia yao. Kuluthum akaguswa, akafikiri jinsi mji huu unavyoweza kuwa na heshima ukitaka. Alitembea hatua kumi hivi kabla ya kugundua kwamba milango yote imefungwa.

Alitoa simu akasoma tangazo lake mwenyewe. *Maduka yote yafungwe mpaka mwili upite.* Akashika nguzo ya stima.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Obura: tumepita Salgaa.

Aliandika haraka kwenye kundi kwamba milango ifunguliwe, tafadhali, ifunguliwe sasa. Hakuna aliyetazama. Wote walikuwa wamezima simu zao, kwa sababu tangazo la miaka tisa lilisema pia simu zizimwe. Akatembea mbio, mtu wa miaka hamsini na sita na viatu vya plastiki, hadi mwisho wa safu alikosimama Kihara.

Kihara alimsikiliza bila kugeuza shingo. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba alipoliona tangazo alidhani amebadilisha nia, na kusema kweli alifurahi. "Wacha tu ipite hivyo, Mama Hafiz. Watu washasimama. Ukianza kukimbia hapa sasa ndio itakuwa aibu. Hakuna mtu atajua."

"Obura atajua."

Kuluthum akarudi kwake, moyo umemjaa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Kihara bali ya mkono wake mwenyewe uliobonyeza bila kusoma. Alisimama mbele ya mlango wake. Angeweza kutulia. Angeweza kumweleza Obura baada ya mazishi, na Obura angesema si neno, kwa sababu Obura husema si neno hata ukimkanyaga. Hilo ndilo lililomshinda. Taa za gari dogo la abiria zilikuwa zimeshatokea bondeni, zikipanda polepole kwenye ukungu, na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheupe kwenye keria ya paa.

Kuluthum akaingiza ufunguo, akavuta komeo, akausukuma mlango wa chuma hadi ukagonga ukuta.

Katika kimya kile kishindo kilisikika mji mzima. Watu waligeuka wakamtazama kama aliyetukana msikitini. Wamalwa, jirani yake, alimuuliza kwa macho amepatwa na nini.

"Fungua, Wamalwa," alimwambia. "Ni Akeyo huyo. Anapita."

Wamalwa alitazama gari, akatazama mlango wake, akatazama gari tena. Ni mtu mpole, si mwepesi wa kuelewa, lakini hili alilielewa. Akageuka, na mlango wa bucha ukakwaruza sakafu. Ng'ambo ya barabara Gelle alikuwa ameshashika mpini, na bawaba zikalia. Baada ya hapo Kuluthum hakuhitaji kumwambia mtu. Posho mill ya kusaga mahindi ikafunguka, kwa kinyozi kukafunguka, duka la dawa za mifugo, hoteli ya chapati, mmoja baada ya mwingine, komeo na chuma na minyororo, pande zote mbili, sauti zikitangulia gari na kulifuata. Wengine walikuwa wakilia huku wanafungua. Wauza viazi wasio na mlango walifungua midomo ya magunia, kwa kuwa hawakuwa na kingine.

Gari likapunguza mwendo. Lilipofika mwisho wa safu likasimama kabisa, kwa sababu mlango mmoja ulikuwa bado.

Kihara alikuwa amepiga goti mbele ya kufuli zake. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Ya tatu iligoma, akaangusha funguo mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mji wote ulimsubiri. Gari lilimsubiri. Hatimaye ikatoka, akausukuma mlango kwa bega, na kwa mazoea akageuka akatazama chini kwenye ngazi. Hapakuwa na kikombe. Akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Obura alishuka garini. Kuluthum alikuwa amelifuata gari kwa miguu, anahema, na maneno yalimtoka bila mpangilio: kwamba ni yeye, kwamba alinakili lile la zamani, kwamba alimuahidi maduka yatakuwa wazi na akayakuta yamefungwa, kwamba amsamehe.

Obura alimsikiliza hadi mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Mngekuwa mshafungua, Mama Hafiz, angepita kimya tu," alisema. "Sasa amezisikia sauti zote. Hata ya Kihara."

Akamshika mkono, akapanda garini, akamwambia dereva waende.