Kamera ya Emile na Shamba la Bondeni

Makarius aliiweka kamera kwenye mizani ya Khatibu, muuza maharage jirani wa studio yake, kwanza bila lenzi, kisha ikiwa na lenzi. Khatibu alisogeza gunia ili mizani ikae sawa, akasoma, akasema kwa uzito haimfikii kuku wa kienyeji aliyelishwa vizuri. Makarius aliridhika. Mpiga picha wa harusi mjini Kasulu kama yeye hushinda amesimama, na kamera yake ya zamani ilimwachia maumivu ya bega, ambalo mkewe alimkanda kwa maji ya moto kila Jumapili jioni bila kuombwa.

Kamera hiyo mpya ilikuwa ya Emile, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyepiga picha kwa shirika moja la misaada mpaka mradi ulipofungwa. Shirika liliondoka na magari yake, likamwachia kamera kama asante. Emile aliitaka iuzwe, maana kamera hailiwi. Aliileta imefungwa kwenye shali ya mtoto, na ndani ya shali aliweka chaja, betri ya pili iliyojaa, na kitambaa cha kufutia lenzi alichokifua na kukipiga pasi. Alimwambia Makarius akae nayo, aijaribu, aamue taratibu.

Walikaa kwenye benchi la studio wakailinganisha na ya zamani. Ya zamani ilikuwa na kioo cha ndani kilichopanda na kushuka kila picha ilipopigwa, kwa mlio wa kuwageuza waumini kanisani. Hii haikuwa na kioo. Kilichoonekana kwenye skrini ndicho kilichoingia, na ilipiga kimya. Sensa yake ilikuwa pana, ile wapiga picha wanayoiita fulu fremu, na ilikusanya mwanga hata penye taa moja ya sola. Ya zamani ilitoa picha nzuri mchana, lakini video zake za ndani ya nyumba zilikuwa kama zimemwagiwa mchanga. Hii ilifanya kazi zote mbili bila kununa. Kasoro zake Emile hakuzificha. Video ndefu iliichemsha, betri ziliisha haraka, na lenzi za zamani za Makarius zisingeingia. Kuinunua kungemgharimu Makarius ng'ombe wake wa maziwa.

"Kitu moja tena, yaya," Emile alisema akiwa tayari mlangoni, akimwita kaka kwa Kiswahili cha kwao. "Batu balishakufaka, hii inabaonaka. Iko normale tu. Usifunge sana lenzi."

Alimaanisha kwamba kamera iliwaona hata watu waliokwisha kufa, na kwamba iliwaona vizuri zaidi tundu la lenzi likiachwa wazi. Makarius aliuliza kama iliwaona kwenye picha tu au na kwenye video. Emile akamweleza kwamba kwenye picha wanaonekana, na kwenye video wanasikika pia. Makarius aliliweka hilo upande wa faida.

Wiki hiyohiyo akafika studio mama mmoja wa Kumsenga, kule Kibondo, anaitwa Ininahazwe, pamoja na binti yake Divine. Mume wake, Anania, alikuwa amefariki, na mwaka wa msiba ulikaribia kwisha. Familia yao ilitoka Burundi zamani kama wakimbizi, ikapewa uraia, ikabaki na desturi zake. Siku ya kuganduka, yaani ya kuondoa matanga, ndugu hukaa kuuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi. Marehemu huachiwa kigoda chake na mrija wake. Kisha msemaji wa ukoo hushika mrija na kutamka kilichoachwa na nani atakikalia, na kinachotamkwa juu ya mtungi huwa kimekwisha, hakibadilishwi.

Anania alipokuwa mgonjwa alimwambia mdogo wake Pasikali, mbele ya Ininahazwe, kwamba shamba la bondeni ni la Divine, mtoto wake wa pekee. Pasikali alijibu ego, yaani ndiyo, nimesikia. Sasa Pasikali ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Ininahazwe hakuwa na wasiwasi naye, ila alitaka neno lake libaki mahali.

"Picha haisemi," alisema. "Nataka video. Shemeji atamke, isikike, tuiweke."

Makarius alizitazama kamera mbili zilizokuwa mezani. Kazi ilikuwa ya ndani ya nyumba, yenye maneno mengi na mwanga kidogo. Akaichukua ya Emile.

Siku ya kuganduka mvua ilinyesha tangu asubuhi, watu wakajaa sebuleni kwa Pasikali. Pasikali mwenyewe alimpokea Makarius begi, akamletea kiti kikavu, akamwamuru mkewe ampe chai kabla ya wageni wengine kwa kuwa ametoka mbali. Shemeji yake Ininahazwe alipochelewa kwa sababu ya utelezi alimfuata na mwavuli, akamshika mkono mpaka ndani.

Kisha alishika mrija. Alishukuru majirani waliochimba kaburi, akamtaja kila mmoja. Alimsifia kaka yake kwa upole wake na kwa kahawa yake. Halafu akatamka kwamba nyumba ni ya Ininahazwe maisha yake yote, na shamba la bondeni linarudi kwa ukoo, atalitunza yeye, kwa kuwa Divine ataolewa na shamba halitamfuata.

Ininahazwe aliangalia chini. Divine aliinuka, akaongeza pombe kwenye mtungi kama alivyotakiwa, akarudi kukaa.

Kamera hiyo hutafuta macho ya mtu kwa kijisanduku cha kijani kwenye skrini. Kijisanduku kilikuwa usoni kwa Pasikali. Hapo kikamwacha, kikaenda kwenye kigoda kitupu, kikatulia. Hakikutangatanga kama kinavyofanya kwenye kamera za bei ndogo. Makarius alifungua tundu la lenzi kidogo, na Anania akaonekana amekaa, amevaa koti la kahawia alilozikwa nalo. Alivuta pombe kidogo, akafuta midomo.

"Pasikali," alisikika akisema kwenye hedifoni za Makarius, "bondeni ni kwa Divine. Nilikwambia, ukasema ego."

Sauti ilikuwa safi. Hata mvua juu ya mabati haikuifunika. Makarius alimwacha amalize, kisha akawaarifu waliokuwepo kwamba marehemu naye amesema. Pasikali akaelekeza kamera iunganishwe na televisheni. Wote wakamtazama Anania na kumsalimia. Bibi mmoja alisema amekonda. Mke wa Pasikali aliona koti halina kifungo cha juu, akasema ni aibu walimzika hivyo, akaleta kifungo, sindano na uzi, akaviweka kwenye kigoda.

Pasikali aliomba kusikiliza tena. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni yeye," alisema. "Na kweli aliniambia."

"Basi?" Ininahazwe aliuliza.

"Basi nini, shemeji? Kaka amesema, tumemsikia, tumshukuru kwa kuja. Lakini msemaji ni mmoja, na mrija ninao mimi."

Alisema kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe mbele za watu. Watu wakarudi kwenye mirija yao. Makarius aliendelea kupiga video mpaka kamera ilipochemka na kujizima, kama Emile alivyomwonya.

Ininahazwe aliipeleka video kwa wazee wa usuluhishi wa kitongoji. Waliitazama kwenye simu ya Divine, wakipokezana. Mmoja wao alichunga mbuzi na Anania utotoni, akathibitisha kwamba sauti ni yake na hata kukohoa ni kwake. Hakuna aliyebisha. Ila walisema mtu wa kwenye simu haulizwi swali. Anania afike mwenyewe Jumamosi, aulizwe, ajibu, nao waandike. Ininahazwe aliona ombi hilo ni la haki. Alijua kwamba mume wake akiitwa huja. Kilichotakiwa ni kamera ya kumsikia.

Alirudi Kasulu na Divine. Wakati huo Makarius alikuwa amekwisha kuamua. Ng'ombe alikuwa ameuzwa, Emile amelipwa, na shali ya mtoto imerudishwa ikiwa na sukari na sabuni ndani yake. Na Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi ya mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, na wenye harusi walitaka picha na video kutoka kwa mtu mmoja. Ni kwa ajili ya harusi za namna hiyo aliinunua.

Makarius alieleza kwamba hajawahi kuacha harusi ya mtu, na kwamba kamera ni moja. Kisha akawapa ile ya zamani, bila malipo. Alimfundisha Divine kubonyeza, akasifu mkono wake kwamba hautetemeki. Aliwalipia nauli ya kurudi Kibondo, na mkewe akawafungia viazi vitamu vya njiani, vile vya moto juu na vilivyopoa chini, ili wasiungue.

Jumamosi Anania alifika. Mbwa wa mwenyekiti alimsindikiza kutoka barabarani mpaka kwenye benchi akitikisa mkia, na wazee wakasogea kumpisha. Walimwuliza kama alimgawia Divine shamba. Wakasubiri. Wakamwuliza kama alikuwa na akili timamu. Wakasubiri tena, kwa adabu, wala hakuna aliyeongea kwenye zamu yake ya kujibu. Divine alibonyeza kila mara. Kamera ililia, kioo kikapanda na kushuka, na picha zilionyesha ukuta, benchi na giza. Mzee aliyechunga naye mbuzi alimmiminia chai, ikapoa mbele yake. Mwishoni waliandika kwamba aliyeitwa hakujibu.

Saa hiyo mjini Kasulu keki ilikuwa inakatwa. Video ilitoka vizuri sana, na watu watatu waliomba namba ya Makarius.

Wakati wa palizi Pasikali alimwita Makarius kwenye shamba la bondeni. Kulikuwa na wanunuzi wa maharage waliotaka kuona shamba kabla ya kuja, na alitaka wapelekewe video nzuri. Vibarua walikuwa kwenye mistari, Divine akiwa mmoja wao. Pasikali alikuwa mwajiri mwema. Alilipa kila jioni, na mchana aliwaletea uji yeye mwenyewe, akianza na Divine.

Makarius alisimamisha kamera kwenye stendi. Anania alikuwa amesimama katikati ya maharage, mbele ya binti yake, kifungo cha koti bado hakijashonwa.

"Divine," Makarius alimwambia, "baba yako yuko hapo mbele, kwenye mstari wako."

"Mwakeye, baba," Divine alimwamkia, akaendelea kupalilia. Alipofika pale alipoonyeshwa alipitisha jembe pembeni, akaacha majani yamesimama, mahali pa nyayo mbili.

Pasikali alikuja kutazama skrini. Alimsalimia kaka yake, akamwomba Makarius ainue kamera kidogo ili kichwa cha marehemu kisikatwe. Ndipo akayaona majani.

"Divine, mwanangu," alisema, "rudi uyatoe hayo. Yanaharibu mstari."

Divine alirudi. Alimwambia baba yake pole, akainua jembe. Kwenye skrini Anania aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, jembe likapita.