Barua ya Chifu Kuhusu Kivuli cha Linda

Wewe unayenisikiliza, umewahi kupepeta ndengu kwenye kivuli cha mtu ambaye hayupo?

Cucu Njura wa Siakago, na cucu kwao ni nyanya, hupepeta hivyo kila siku ya jua. Saa tatu asubuhi, mbuzi wakishatolewa, analeta kigoda, ungo na gunia lililoshonwa pembe moja kwa uzi mwekundu, kisha anangoja kivuli cha mjukuu wake Linda kifike karibu na mlango wa jikoni. Kina ubaridi kidogo, kwa sababu kilikaa ng'ambo. Kuku wanakipenda. Jirani yake, Mbaka, pia anakipenda.

"Songa kidogo, Cucu. Siakago nzima ni wewe tu uko na friji isiyotumia stima."

"Kaa, lakini usimkanyage kichwa."

Linda alienda ng'ambo kuchunga wazee kwenye nyumba moja ya wazee. Viza yake ilishikwa na mwajiri: ukimwacha mwajiri, viza nayo imekuacha. Lakini mtu akifanya hiyo kazi miaka mitano, bila kukaa nje ya nchi ile siku nyingi, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Akiupata, anakuja nyumbani akitaka na kurudi akitaka, na hakuna wa kumuuliza. Linda alikuwa akiungojea ukaazi. Cucu alikuwa akimngojea Linda. Alimlea tangu mama yake alipofariki, Linda akiwa darasa la tatu, na jina la Njura ni lake, maana kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba.

Siku ya kuondoka, Cucu alimsindikiza mpaka steji ya Embu. Alikuwa na neno mdomoni tangu Siakago, na alikuwa amelishikilia njia yote kama mtu aliyebeba yai. Dereva akawasha gari. Cucu akasema, "Uvae soksi mbili."

Mwaka wa tatu, Njeru akafa. Njeru alikuwa mtoto wa Cucu na baba ya Linda. Linda akaomba ruhusa ya siku saba. Mwajiri akasema pole, kisha akasema wazee hawana mtu mwingine wa kuwageuza kitandani, na kama Linda anaenda, asirudi. Sasa, katika boma lile mzaliwa wa kwanza wa marehemu ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Asipoitwa akatupa, wale wengine wanabaki wamesimama na udongo mkononi.

Kwa hivyo Linda alikibandua kivuli chake, akianzia kisigino, akakikunja mara nane kama shuka, akakituma kwa parseli. Kivuti, baba yake mdogo, mwalimu aliyestaafu, alienda kukichukua Embu siku ya Alhamisi. Alitia sahihi mahali pawili. Kilikuwa kimejikunja vibaya upande wa bega, na Cucu alikipiga pasi ya makaa, moto mdogo, juu ya kitambaa chenye maji.

Mchungaji aliita, "Linda Njura." Kivuli kikateleza juu ya nyasi mpaka kaburini, kikainama. Udongo hakikuweza kuushika, lakini pale kilipopitisha mkono, udongo ulipoa na kuwa mweusi kidogo, na watu wakaona hiyo inatosha. Wengine wakatupa udongo wao. Mbaka alisema tu kwamba Linda amekonda.

Jumatatu Kivuti alikirudisha kwenye ofisi ya parseli. Waliuliza viza yake. Viza ilikuwa ya Linda, na kivuli hakikuwa na mwajiri wa kukidhamini. Kivuti akanunua sukari na mafuta ya taa, akarudi nacho Siakago.

Kivuli hufanya kile Linda anafanya. Cucu alijua kukisoma haraka, kama vile mtu hujua kusoma mawingu. Kikiinama na kunyoosha mikono miwili, Linda anageuza mzee. Kikipiga magoti, anavalisha mtu viatu. Siku moja Cucu aliamua kutia punje ya ndengu kwenye kikombe kila kikiinama. Kabla ya jua kwenda chini kikombe kilikuwa kimejaa, na kivuli hakikuwa kimekaa chini hata mara moja, wala kupeleka mkono mdomoni.

Jumapili Linda alipiga simu.

"Cucu, uko sawa?"

"Niko sawa. Na wewe?"

"Niko sawa. Kazi ni ile tu. Nikutumie nini?"

"Usitume kitu."

Kivuli kilikuwa kimeegemea ukuta wa choo, mkono mmoja sikioni, mwingine ukishikilia kiuno.

Miaka mitano ikatimia, Linda akajaza fomu. Kivuti, aliyejaza fomu za watu maisha yake yote, alisema hakuna ombi lililowahi kupita bila barua ya chifu. Bursari ya karo ni barua ya chifu. Kitambulisho ni barua ya chifu.

"Baba mdogo, huku hawamjui chifu," Linda alisema kwa simu.

"Si ndio watamjua!"

Chifu Gachoki ni mtu mkweli. Alikuja mwenyewe, akakitazama kivuli, akakisalimia, akapewa chai. Kisha akaandika kwamba anamfahamu Linda Njura vizuri, kwamba alihudhuria mazishi ya baba yake na kushiriki, kwamba tangu siku hiyo anaonekana kwa nyanya yake kila siku ya jua, hana ugomvi na mtu, ni mtulivu na mwenye msaada. Akapiga muhuri wa wino wa zambarau, mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri. Cucu alisomewa ile barua na akaomba asomewe tena. Ilipomfikia, Linda aliiweka pamoja na karatasi zingine. Mtu hakatai barua ya chifu wake.

Jibu lilichukua miezi minne. Ofisi ya huko ilikuwa imeisoma barua ya chifu kuliko karatasi zote. Ilisema kwamba sehemu ya mwombaji imekuwa nje ya nchi siku mia tisa na sita mfululizo, na hizo zimepita kiasi. Ombi limekataliwa. Miaka mitano itahesabiwa upya, kuanzia siku ambayo kivuli kitarudi. Kivuli kitaruhusiwa kurudi kikipata mwajiri wa kukidhamini.

Mwajiri alijibu siku hiyo hiyo. Hakuwa na kazi ya kivuli. Linda angeweza kuendelea kama kawaida, na sasa Jumamosi pia.

Kivuti alikaa kwenye gogo la kukatia kuni, hakunywa chai yake. "Naweza kumwomba chifu aandike nyingine," alisema. "Aseme ile ya kwanza haikuwa ya kweli."

"Na ilikuwa ya kweli," Cucu alisema.

Jumapili Linda alipiga simu saa kumi jioni. Alimsomea Cucu jibu lote, pole pole, mpaka nambari zilizo chini ya karatasi. Kivuli kilikuwa kimejinyoosha juu ya ndengu zilizoanikwa, mkono sikioni, mabega yakitikisika, lakini sauti kwenye simu haikutikisika.

"Hata si mbaya sana," Linda alisema. "Niko sawa. Wewe nikutumie nini, Cucu?"

Cucu Njura alikuwa na miaka themanini na minne. Aliweka ungo chini. Alivua ndara, akaweka miguu yake juu ya ile miguu ya kivuli, iliyokuwa baridi.

"Siku ile pale steji," alisema, "si soksi nilitaka kukuambia. Nilitaka kukuambia usiende."