Kipindi cha Asubuhi cha Mwalimu Mahona

Mwezi wa nane kule Itetemia ulikuwa na upepo wa vumbi uliokuwa ukipiga madirisha ya shule kutwa, na Mwalimu Tunu hakuweza kukaa kitini. Yeye ndiye mwalimu wa taaluma, mpanga ratiba, na ratiba ilikuwa imemshinda. Kila akitatua shida moja, nyingine ilichomoza upande wa pili.

Maktaba ndiyo iliyoleta kasheshe. Zamani kilikuwa chumba cha kuwekea majembe. Fundi mmoja wa Mtendeni akatengeneza rafu, vitabu vikaletwa, na Mwalimu Veridiana, dada mpole aliyekulia Ulyankulu, akakabidhiwa. Darasa likiingia maktaba kwake, mwalimu wa darasa anabaki huru kuandaa masomo na kusahihisha. Basi kila mwalimu alitaka kipindi chake cha maktaba kiwe asubuhi. Mchana bati linachemka, watoto wanasinzia, na mwalimu mwenyewe hana tena akili ya kuandaa chochote.

Mwalimu Sabiri wa hisabati alikuwa akimfuata Tunu hadi mlangoni mwa choo. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia, naye alitaka muda wa kutunga majaribio. Tunu akatazama ratiba yote, akaona penye nafasi ni kwa Mwalimu Mahona wa darasa la tatu, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye vipindi vyake vya maktaba vilitangulia somo lake la Kiswahili asubuhi. Akavihamishia baada ya chakula cha mchana, na saa hizo za asubuhi akampa Sabiri.

Mahona akaja ofisini. Hakuketi.

"Mama, hicho kipindi usikiguse," alisema.

Tunu akamuuliza sababu. Mzee akasema tu kwamba sababu anayo. Tunu akamweleza habari za mtihani, akamwomba amwelewe, na mabadiliko yakapita.

Wiki ile ile darasa la tatu likaharibika. Lilikuwa darasa tulivu, mzee akisimulia kitabu watoto wanatulia kama wamemwagiwa maji. Sasa Tunu alisikia nyimbo, kisha zogo, kisha nyimbo tena. Akawa anatoka ofisini, anafika nusu ya baraza, anarudi. Alidhani mzee ameanza mgomo baridi, na wazo hilo lilimkera hata chai ikamshinda. Siku ya tatu akaingia darasani na kukaa dawati la nyuma.

Mahona alishika kitabu wazi mkononi, akawa anatembea huku akisimulia kisa cha sungura aliyechimba kisima. Alisimulia vizuri mno. Lakini watoto walitazamana, na msichana aitwaye Jenifa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo tulisoma wiki iliyopita."

Mzee akafunua kurasa mbili tatu, akakisogeza kitabu dirishani, akakileta karibu na pua, akakishusha.

"Haya, soma wewe tulipofikia," akasema.

Tunu akatoka kabla kipindi hakijaisha, akaenda moja kwa moja maktaba. Veridiana alimweleza kwamba asubuhi zile Mahona hakuwa akienda ofisi ya walimu kama wenzake. Alikaa nyuma ya watoto na kumwomba yeye awasomee kwa sauti sura ya kitabu cha Kiswahili ambayo angeifundisha kipindi kinachofuata. "Nilidhani anapenda tu hadithi," alisema.

Jioni Tunu akamkuta mzee akikokota baiskeli kuelekea nyumbani. Akamwamkia, akatembea naye, kisha akamuuliza macho yana nini.

"Ukungu," Mahona alijibu. "Tangu mwaka juzi. Kaka yangu alipasuliwa jicho, akarudi haoni hata mwanga. Nikasema nitajikongoja hivi hivi mpaka nistaafu."

"Ungeniambia, mzee, nisingekihamisha."

"Ningekuambia, ungeniacha darasani?"

Walipofika njia panda wakaagana.

Asubuhi yake akamrudishia vipindi, kwa sharti kwamba amwambie mwalimu mkuu mwenyewe na waende wote hospitali. Sabiri alipokuja juu, Tunu akamwambia atamshikia darasa la saba saa hizo, yeye Tunu awafundishe marudio ya Kiswahili. Hizo ndizo saa pekee Tunu alizokuwa nazo za kuandaa masomo yake. Sabiri akashukuru nusu nusu, akauliza kwa nini mzee anadekezwa. Tunu akamkabidhi ratiba mpya. Kuanzia hapo akawa anaingia darasani hajajiandaa, anaruka mistari, anawafokea watoto bila kosa, na akijisikia anafoka anazidi kufoka.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mahona aliahirisha upasuaji mara mbili. Mara ya tatu Tunu alimfuata nyumbani kwake na kukaa kibarazani mpaka mzee akavaa viatu. Likizo ya Desemba akapasuliwa jicho la kulia, na likaona.

Januari shule ilipofunguliwa, Mahona alikuja na miwani myeusi. Katika kipindi chake cha maandalizi hakuandaa kitu. Aliwaita watoto wake wa zamani, sasa wako la nne, waje na madaftari ya mwaka uliopita. Tunu alimkuta ofisini, Jenifa amesimama kando yake, mzee akipitia ukurasa baada ya ukurasa uliojaa alama zake nyekundu za vema.

"Hapa uliandika 'kisima' bila i ya pili," alimwambia mtoto. "Nami nikakupa vema. Andika tena."

Kisha akainua uso kwa Tunu. "Wapo wengi. Nitahitaji kipindi kingine."

Tunu akasema hakuna nafasi. Akabaki amesimama pale mlangoni, akiwatazama watoto waliopanga foleni barazani na madaftari yao kifuani, huku darasa lake mwenyewe likimsubiri.