Ndevu za Kiazi cha Tangi

Kiazi kilichopakwa maji ya tangi kilikuwa kimeota ndevu. Ndevu nyeusi, juu ya ute wa manjano ulioteremka taratibu kwenye chupa ya jamu kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Mwalimu wa bayolojia aliiinua chupa dirishani apate kuiona vizuri.

"Mwalimu, hata chupa ya choo ina nafuu," akasema Bi Swali, msichana wa kidato cha tatu aliyepewa jina hilo kwa kutochoka kuuliza. "Hivi sisi tunakunywa nini?"

Jaribio lenyewe halikuwa na makuu. Wanafunzi walichemsha viazi, wakavikata vipande, wakavitia kwenye chupa safi. Kila kipande kilipakwa kwa pamba iliyokwisha kupangusa mahali tofauti: kitasa cha ofisi, ukingo wa choo, bomba la tangi. Kimoja kikapakwa maji yaliyochemshwa. Wakafunga vifuniko, wakabandika karatasi zenye majina, wakangoja.

Ilikuwa mara yao ya kwanza kufanya sayansi kwa mikono yao. Vyombo vya maabara vilikuwepo tele, ila mlango ulifunguliwa wageni wakija tu. Mwalimu aliyajua hayo kwa kuwa alisoma hapo hapo. Enzi zake walivalishwa makoti meupe, wakashikishwa chupa za maji ya rangi, wakaambiwa wakodoe macho kama wataalamu, wakapigwa picha. Wageni wakishatoka getini, makoti yanavuliwa, ufunguo unarudi mfukoni mwa mkuu. Mtihani ukaja, wakachora mirija ambayo hawajawahi kuigusa. Hakusahau. Wakuu wamekuja na kwenda, ufunguo umebaki kwenye mfuko ule ule.

Na wiki hiyo nusu ya kidato cha kwanza walikuwa wakishinda chooni, wameshika matumbo. Mwalimu akaibeba chupa ya tangi hadi ofisini.

Mkuu wa shule akaziba pua. "Mama, kesho Siku ya Sayansi, wewe unaniletea uozo mezani?"

"Ndiyo maji wanayokunywa watoto, mzee. Tangi limwagwe, lisuguliwe leo."

"Leo? Wageni wako njiani nimwage maji? Vyoo vyao nivisafishe kwa mate?" Akacheka peke yake. "Tutaliosha muhula ujao. Hizo chupa lakini niletee zote, zinapendeza kwenye maonyesho."

Asubuhi chupa zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, kando ya maji ya rangi na makoti meupe. Mwalimu akasogea, akatazama. Karatasi zilikuwa zimebanduliwa na kubandikwa upya, gundi bado mbichi. Kiazi chenye ndevu sasa kiliitwa "choo". Kile cha maji yaliyochemshwa, cheupe pe, kiliitwa "tangi la shule".

Mkuu alishika kipaza sauti, kichwa kimemvimba. "Waheshimiwa, sayansi haisemi uongo! Tazameni kiazi cha tangi letu! Na niwaibie siri: hata hiyo juisi mkononi mwenu imekorogwa kwa maji ya tangi hilo hilo!"

Makofi. Mgeni rasmi akainua glasi yake juu, akaimimina yote kinywani, akajilamba midomo.

Mwalimu alikuwa na kazi moja tu duniani, na watoto wa kulisha. Akawaza hayo kidogo. Kisha akawatazama wale wa kidato cha kwanza, nyuso zimepauka, wamesimamishwa juani wapige makofi. Akachukua ngazi iliyotumika kutundikia mabango, akaiegemeza kwenye tangi nyuma ya turubai, akapanda na ndoo mkononi.

"Mama, unafanya nini huko?" Mkuu aliuliza, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Vitendo, mzee. Si Siku ya Sayansi?"

Alipofunua mfuniko, harufu ilimpiga usoni kama kofi. Akageuka pembeni, akatapika. Kisha akazamisha ndoo, akateremka, akaitua mezani katikati ya chupa. Ndani walielea popo waliovimba, manyoya yakibanduka, wameshikana kwa utando wa kijani unaovutika.

Turubai zima likawa kikohozi na matapishi. Mgeni rasmi alikuwa amejishika koo. "Nimekunywa hii? Mimi?"

"Hapana, mheshimiwa!" Mkuu alipiga kelele, kipaza sauti bado mdomoni. "Juisi yenu ni maji ya chupa! Ya dukani! Nilinunua mwenyewe! Nyinyi niwape maji ya tangi, nina wazimu?"

Maneno yakazunguka uwanja mzima.

"Na sisi, mkuu?" aliuliza Bi Swali.

Mgeni rasmi alishusha pumzi, rangi ikamrudia, akacheka. "Ah, si ungesema mapema? Umenitoa roho bure!" Akavuta mkono wa koti jeupe la mwanafunzi aliyekuwa karibu, akajifutia matapishi mdomoni, akaomba glasi nyingine.

Hapo ndipo mwalimu alipochafukwa roho kweli. Popo wale walikuwa wameoza kwa kuwa wamekufa. Huyu alikuwa mzima.

Mwalimu alikwenda akafungua koki ya chini ya tangi hadi mwisho. Maji yalitoka kwa kishindo, meusi, yakashuka mteremko hadi chini ya viti vya waheshimiwa. Wakanyanyua viatu, wakaanza kusukumana kuelekea kwenye magari. Wanafunzi hawakungoja kutumwa. Waliingia jikoni na kwenye mabweni, wakatoka na brashi, sabuni na ndoo.

Maji yalipokwisha, mwalimu aliingia ndani yake, utelezi umemfika vifundoni. Alisugua, akatapika, akasugua tena.

"Kuanzia leo huna kazi hapa!" Mkuu alifoka kutoka chini, leso puani. "Unanisikia?"

Sauti yake iligonga kuta za tangi, ikazunguka.

"Bi Swali," mwalimu aliita, "nipe brashi nyingine. Hii imejaa utelezi."