Fidia ya Nguruwe wa Banda la Merle

Mashine za kuvunia ziliingia shambani kwa Verlyn Tjaden asubuhi moja ya Oktoba, na ya mbele kabisa aliiendesha Merle Poock. Angetangulia mwingine yeyote, Verlyn angepumua. Alikuwa ameanguka kutoka ghala la mahindi akavunjika nyonga, na huko Iowa, Marekani, jirani akiumia wakati wa mavuno, wenzake humvunia. Halipwi mtu. Unawalisha tu, na zamu yako ikifika nawe unakwenda.

Basi alikaa ndani ya pikapu yake mpya, magongo pembeni, akitazama. Na hiyo pikapu ndiyo iliyokuwa ikimla roho.

Masika yale korona ilipofunga machinjio, banda la Merle lilijaa nguruwe wasio na pa kwenda. Nguruwe walikuwa wa Verlyn. Banda, jasho na harufu vilikuwa vya Merle, aliyewalea kwa mkataba. Wakanenepa mpaka hakuna wa kuwanunua, ikabidi wauawe. Merle aliwaua mwenyewe, peke yake. Na mwenye mali je? Mwenye mali alikaa garini kafungulia redio kwa sauti, asisikie.

Kisha serikali ikatoa fidia ya korona, kwa mwenye nguruwe, si kwa mlezi. Verlyn akapokea kitita, kimya, akanunua pikapu. Mkewe Arlys alimwambia, "Mgawie Merle, banda lake liko tupu." Akajibu kwamba sheria ni sheria. Akienda kunywa kahawa mjini, wakimuuliza habari za gari, alisema mahindi ya mwaka jana yalimlipa. Mtu mzima na mvi zake, anadanganya kama mtoto mwenye sukari mdomoni.

Mchana wavunaji walishuka kula. Merle alichukua mkate wake wa nyama, akaja kuegemea dirisha la pikapu.

"Mahindi yako mazuri, bwana. Yameyashinda yangu."

Aibu ilimpanda Verlyn mpaka masikio yakawaka moto. Akatoa kitabu cha hundi, akaandika, akaipenyeza hundi dirishani.

"Chukua, Merle. Nusu ya zile pesa za nguruwe. Nilizipata, sikukwambia."

Merle aliendelea kutafuna. "Najua ulizipata. Mwezi wa sita watu wa fidia walinipigia simu kutoka ofisini kwao, wanauliza kama kweli nguruwe walikuwepo. Nikawaambia walikuwepo, nimewaua mimi."

"Umejua tangu mwezi wa sita?"

"Nikamwambia mke wangu, atakuja tu, Verlyn simtilii shaka. Tukangoja. Halafu nikakuona na gari."

Verlyn alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na gari lake. "Basi pokea sasa, ndugu yangu. Nakuomba."

"Sasa? Na hawa wote wanatuona?" Merle aliwatazama wenzake waliokaa kwenye majani na sahani zao. "Leo nikishika pesa yako nimekuwa kibarua, na wao nimewafanya vibarua. Ungeniletea wakati ule ningepokea, na asante ningesema. Tulikuwa tunakula maharage asubuhi na jioni."

"Nitakuletea kesho. Nyumbani."

"Kesho itakuwa malipo ya leo, Verlyn. Hata mwakani." Hakusema kwa hasira, na heri angekuwa na hasira. Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mwambie Arlys mkate ulikuwa mtamu. Kipande cha shamba kule mtoni tutakimaliza kabla ya giza."

Akapanda mashine yake. Alipopita mbele ya pikapu aliinua kidole kimoja kwenye usukani, kama wanavyosalimiana wote kule barabarani, mtu na jirani yake. Verlyn alikuwa amekamata hundi kwa mikono miwili, hakuinua chochote.

Arlys akaja na kahawa. "Merle alikuwa anasemaje muda wote ule?"

"Anasema mahindi ni mazuri," Verlyn akajibu.